Mimi ni Mnyakyusa na ni Mwislamu: maswali tunayoulizwa, na namna tunavyoyajibu

Mama Mchele (mleta mada):

Asalaam aleikum kwa Waislamu, na habari za jioni kwa wadau wote. Ugonile kwa wa Rungwe na Kyela, kamwene kwa wa Iringa na Njombe. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Nauza mchele Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nimezaliwa Tukuyu kwenye nyumba ya Kiislamu, na nusu ya ukoo wetu ni Wamoravian. Baba mdogo ni mzee wa kanisa. Kwa hiyo maswali kuhusu dini yangu sikuyakuta mtandaoni, nimekua nayo tukiwa tunakula pamoja. Kwa nini hamli kitimoto? Kwa nini mnaswali kwa Kiarabu, kwani Mungu hasikii Kinyakyusa? Kwa nini mwanamume wenu anaruhusiwa wake wanne? Na lile ambalo kila Mwislamu wa nyanda hizi ameulizwa: "Wewe Mnyakyusa, Uislamu umeutoa wapi? Hiyo si dini ya watu wa Pwani?"

Leo siwaandikii wanaouliza. Nawaandikia Waislamu wenzangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, hasa vijana, kwa sababu naona tunavyojibu na inaniuma. Mtu anauliza jambo, tunamtukana. Akiuliza tena tunamrukia: "Mbona wachungaji wenu nao…" Akichoka akanyamaza, tunaandikiana kwamba tumemshinda. Kumshinda nani? Ameondoka na swali lake vilevile, na sasa ana ushahidi kwamba Waislamu hawana jibu.

Msimamo wangu ni kwamba ukali mwingi tunaouita kutetea dini unaficha kwamba dini hatujaisoma. Swali la mtu wa nje ni deni, hata likiulizwa kwa dharau, na deni hili linalipwa kwa elimu peke yake.

Tazameni Hudaybiyya, pale karibu na Makka, mwaka wa 6 wa Hijria, yaani 628. Suhail bin Amr amekuja kwa niaba ya Makuraishi, wakubwa wa Makka waliompinga Mtume, kuandikiana mkataba. Sayyidna Ali anaandika, na ameanza kwa kumtaja Muhammad, Mtume wa Mwenyezi Mungu. Suhail anakataa palepale: tungeamini kwamba wewe ni Mtume tusingekuzuia kufika Al-Kaaba, andika jina lako na la baba yako. Hakuna ukosoaji mzito kuliko huo. Ametamkiwa mwenyewe usoni, mbele ya masahaba waliotoka Madina wakiwa ndani ya ihramu, yaani nguo na nia ya kwenda kuzuru Al-Kaaba. Ali hakuweza kuyafuta maneno yale kwa mkono wake. Mtume (SAW) akayafuta mwenyewe, ikaandikwa Muhammad bin Abdillah, mkataba ukaendelea. Utume wake haukupungua hata chembe kwa sababu jina limefutwa kwenye maandishi. Sasa sisi, mtu tusiyemjua akiandika maneno mawili kwenye simu, tunatetemeka kama vile Uislamu utaanguka kabla ya Isha.

Mfano wa pili ni Imam Ghazali, aliyefariki 1111. Huyu alitaka kuwajibu wanafalsafa wa zama zake. Hakuanza na kujibu. Alikaa akasoma vitabu vyao karibu miaka miwili katikati ya kazi nzito ya kufundisha Baghdad, kisha akatumia muda mwingine kuyapitia tena yale aliyosoma. Akaandika kwanza kitabu kinachoeleza wanachosema wao, kwa namna ambayo wenyewe wangekubali kwamba ndivyo wanavyosema. Ndipo akaandika cha kuwapinga. Aliona kwamba anayepinga jambo asilolielewa anatupa mawe gizani. Mnaweza kutokubaliana na hitimisho lake, na Waislamu wengi wamejadiliana naye tangu hapo, lakini adabu ile ya kusoma kwanza nani anayo leo? Kijana wetu anaona kipande cha video cha dakika mbili, anaamka kujibu "Wakristo" na Biblia hajafungua hata ukurasa mmoja.

Na hili wengi hawalijui. Mtu wa kwanza kuitafsiri Qur'ani yote kwa Kiswahili hakuwa Mwislamu. Alikuwa kasisi wa Kianglikana wa UMCA, misheni ya Waingereza iliyokuwa Zanzibar, Godfrey Dale, na tafsiri yake ilitoka mwaka 1923 ikiwa na maelezo yaliyoandikwa kwa jicho la mmisionari. Fikirieni hali ile: Mswahili anayetaka kuelewa Kitabu chake kwa lugha yake anakisoma kupitia kwa mtu anayekipinga. Wanazuoni wangeweza kulaani wakaishia hapo. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui akaanza kazi ya kutafsiri, na katika miaka ya 1930 akatoa magazeti ya kuwafundisha watu dini kwa Kiswahili kinachoeleweka. Alifariki 1947 kabla hajamaliza. Mwaka 1953 Waahmadiyya, kundi ambalo Waislamu wengi hawakubaliani na itikadi yake, wakatoa tafsiri yao, Masunni wengi wakaipinga, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar hakutosheka kuipinga kwa mdomo. Akaketi akaandika yake kamili, ikachapwa 1969. Ndiyo hiyo mnayoikuta kwenye kabati za misikiti mpaka leo, imechakaa kwa kusomwa. Ukosoaji wa watu wa nje ulichangia kutupa tafsiri ile, kwa sababu waliokosolewa walikuwa watu wa kalamu.

Sasa nije kwenye swali gumu kuliko yote kwetu huku: "dini ya Waarabu waliouza babu zetu."

Vijana wengi hujibu kwa kukana. Eti hakuna Mwislamu aliyeuza mtu, ni uzushi wa wamisionari. Ndugu zangu, msikane. Vukeni Mto Songwe mwende Karonga, Malawi, kwa Wangonde, watu ambao lugha yao na yetu mtu akisikia kwa mbali hatofautishi. Mwaka 1887 palikuwa na mfanyabiashara wa pembe na watumwa akiitwa Mlozi, Mwislamu mwenye asili ya Pwani. Watu wake waliwaua Wangonde wengi, vita vikachukua miaka, na mwaka 1895 Waingereza wakamkamata wakamnyonga. Wafanyabiashara wa Pwani walifika pia Usangu, kwa mtemi Merere. Mnyakyusa anayeniuliza habari hizi hajazizua.

Na dini yenyewe inasemaje? Qur'ani imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada. Imo katika Suratul Balad, imo katika kafara ya kiapo (5:89, yaani sura ya 5 aya ya 89), na zaka ina fungu la kuwakomboa (9:60). Bilal alikuwa mtumwa, akawa muadhini wa Mtume. Lakini utumwa haukupigwa marufuku kwa mara moja, na mafakihi, wanazuoni wa sheria, waliuwekea hukumu zake kwa karne nyingi. Wenye mali wakashika ruhusa wakaliacha lengo. Mimi aliyeuza watu Karonga namwita dhalimu, na kusali kwake hakumsafishi. Sisemi hivyo ili niwapendeze Wakristo. Qur'ani ndiyo inayoniamuru nisimame na uadilifu hata ukiwa dhidi ya nafsi yangu, wazazi na jamaa (4:135).

Mkishasema hivyo bila kuuma maneno, ndipo mtasikilizwa mkieleza na sehemu nyingine ya historia. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Uislamu ulienea sana bara baada ya hapo, wakati wa Wajerumani na Waingereza, na kusini hasa baada ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Waliousambaza wengi walikuwa Waafrika: walimu wa madrasa, wachuuzi, masheikh wa tarika ya Qadiriyya. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki 1931, aliletwa Pwani kutoka Kongo akiwa mtumwa. Akasoma, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa Qadiriyya, akafundisha watu. Nikiulizwa kama Uislamu ni dini ya wauza watumwa, namkumbuka yeye: aliyeuzwa ndiye aliyekuwa mwalimu wangu na wako, na wauzaji majina yao tumeyasahau isipokuwa kwa laana.

Kuhusu ugeni, Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 wakitokea Ujerumani. Baba mdogo hajioni Mjerumani, na mimi sijioni Mwarabu. Nikimaliza kuswali naomba dua zangu kwa Kinyakyusa, na Anayesikia anasikia.

La wake wanne nitalipitia haraka. Aya ileile inayoruhusu inasema mkichelea kutofanya uadilifu basi mmoja (4:3), na mbele katika sura hiyohiyo tunaambiwa kwamba hatutaweza kufanya uadilifu kamili hata tukipania (4:129). Mwanamume anayeisoma nusu ya kwanza akaacha iliyobaki, aulizwe yeye.

Mwisho wa hii sehemu, niseme kwa nini mimi naamini, maana mtu anaweza kudhani imani yangu imesimama juu ya majibu haya. Hapana. Haikuja kwa kumshinda mtu kwenye mjadala, na siku nikikosa jibu haitaondoka. Inakaa kwenye maji ya baridi ya Juni huku kwetu, alfajiri, unapotawadha vidole vinakufa ganzi na unajua kabisa kwamba hakuna binadamu anayekutazama. Inakaa kwenye mizani ya dukani, ambayo Suratul Mutaffifin inanikataza kuipunja. Inakaa kwenye Fatiha, ambayo nimeisoma tangu sijaota meno ya pili na bado kuna siku inanisimamisha. Haya siwezi kumthibitishia mtu asiyeyaonja, na simlaumu akiniuliza ushahidi. Hata Nabii Ibrahim aliomba aonyeshwe jinsi wafu wanavyofufuliwa. Akaulizwa, kwani huamini? Akajibu naamini, ila nataka moyo wangu utulie (2:260). Hakukemewa. Alionyeshwa.

Karibuni mchangie.

Fundi Mafiati:

Mama, heshima yako. Lakini naona umewapa watu silaha. Hayo ya Mlozi ya nini kuyaandika hadharani? Wao ya kwao wanayaandika? Biashara ya watumwa ya Bahari ya Atlantiki walifanya akina nani? Sisi tukikubali moja wataongeza kumi.

Mama Mchele:

Fundi mwanangu, nakuelewa, na uchungu wako ninao. Lakini habari za Mlozi ziko kwenye vitabu vya historia vya nchi mbili, sikuzitoa sandukuni. Silaha anayopewa adui ni kule kukana kwetu, maana akikuthibitishia kwamba umedanganya kwenye hili dogo, hatakuamini utakapomwambia juu ya Mwenyezi Mungu. Ya Atlantiki ni kweli, na Wakristo waliofanya yale walifanya dhuluma kubwa. Nikiulizwa juu ya dhuluma ya watu wangu nikaitaja ya watu wake, wote wawili tumebaki na watu waliouawa na hakuna aliyewalilia. Tumekatazwa chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu (5:8). Hakuna sehemu iliyosema tuanze uadilifu wakianza wao.

Kahawa Mbozi:

Mimi ni Mkristo wa Vwawa, nimesoma yote na nashukuru kwa lugha yako. Nina swali ambalo limenikaa muda mrefu. Huku kwetu harusi au msiba, hata wa Wakristo watupu, tunamtafuta Mwislamu aje achinje ili majirani Waislamu wale. Sawa, ni upendo. Lakini nikichinja mimi ng'ombe huyohuyo, kwa kisu hichohicho, hamli. Kwa nini? Mimi ni najisi? Na kuna anayeitaka iwe sheria, kwamba mimi nisichinje kabisa. Hapo ndipo roho inaposhtuka.

Mama Mchele:

Kaka yangu, asante kwa kuuliza kwa jina la majirani. Nakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili limeshaharibu. Mwaka 2013 lilileta vurugu Geita mpaka mtu akauawa, na Tunduma hapo jirani yako nako palichafuka. Wote tuliona aibu.

Wewe si najisi. Suratul Maida aya ya 5 inasema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu, na wanazuoni kwa ujumla wamefahamu kwamba kinaingia na nyama waliyochinja Wayahudi na Wakristo. Wanakotofautiana ni kwenye masharti. Je, amechinjwa kooni damu ikatoka, au amepigwa kichwani akafa kwanza? Jina la Mwenyezi Mungu limetajwa? Kwa Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yameenea Afrika Mashariki, kutaja bismillahi wakati wa kuchinja ni sunna. Wengine wanasema ni lazima kwa anayekumbuka. Kwa hiyo Mwislamu anayekataa nyama yako anaweza kuwa na shaka juu ya namna ulivyochinja, na hilo ni haki yake, ale mboga. Lakini akisema umemchafulia chakula kwa kuwa wewe ni Mkristo, huyo amesema lisilosemwa na Qur'ani. Wengi wetu tunafuata mazoea na hatujawahi kuuliza.

Na kumwita Mwislamu achinje kwenye msiba wako ni ukarimu wako. Nakushukuru kwa hilo, mimi na watoto wangu tumekula kwenye misiba hiyo bila wasiwasi. Ukarimu hauwezi kudaiwa kwa marungu. Kama mtu anataka bucha isiyo na shaka afungue bucha yake aandike juu, na wewe uwe na ya kwako.

Kahawa Mbozi:

Nimekuelewa mama. Hiyo ya Maida sikuwahi kuambiwa, na nimekaa na Waislamu tangu nazaliwa. Mtu angenisomea aya hiyo mwaka 2013 ningelala vizuri.

Mbao Mafinga:

Mleta mada unajitahidi, lakini Qur'ani pia inatukataza kukaa na wanaoifanyia dhihaka dini. Suratun Nisaa 140. Wewe unatuambia tuwajibu kwa upole watu wanaomchora Mtume na kumtukana. Huo ni upole au ni udhaifu?

Mama Mchele:

Ndugu Mbao, umeleta aya, ahsante. Isome mpaka mwisho wa hukumu yake: msikae pamoja nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Yaani unaondoka. Na wakibadilisha mazungumzo unaweza kurudi mkaongea mambo ya mbao na bei zake. Sioni ndani yake kupiga, kuchoma wala kutukana. Kutukana kumekatazwa waziwazi hata kwa masanamu ya washirikina, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa ujinga (6:108). Sasa hebu tazama kurasa zetu. Kijana wa Kiislamu anaandika matusi juu ya ibada ya Wakristo, Mkristo anarudisha matusi kwa Mtume. Dhambi ya tusi lile la pili nani ameinunua?

Mwenye dhihaka naondoka kwake, na nikiondoka sijisikii nimeshindwa. Anayeuliza nakaa naye. Kuwatofautisha si kazi ngumu: anayeuliza ukimjibu ananyamaza kidogo anafikiri, mwenye dhihaka ukimjibu ameshafika swali la tatu.

Na mihadhara ile ya kulinganisha dini nimeisikiliza sana enzi za kaseti. Ilitupa moyo wakati ambapo Mwislamu wa bara alijiona mdogo, siikani faida hiyo. Lakini ilitufundisha Biblia ya wenzetu kwa mistari ya kuwanasia, ikatuacha na Qur'ani yetu tusiyoijua. Nimeona watu wanaokutajia Yohana sura na mstari, ukimwuliza Suratul Asr inasemaje kwa Kiswahili anaangalia pembeni.

Binti Kalenga:

Nimesita sana kuandika. Mimi ni Mhehe, nimezaliwa Mwislamu, nimesoma madrasa mpaka nikahitimu. Nilipokuwa chuo hapa Iringa nilibatizwa. Sikulazimishwa na mtu, wala sikufuata mume. Baba hajaniita jina langu tangu siku hiyo. Mama ananipigia simu akiwa jikoni, kwa siri. Mnasema hakuna kulazimishana katika dini. Mama Mchele, wewe ungekuwa mama yangu ungefanyaje?

Fundi Mafiati:

Huyo hukumu yake inajulikana, anayebadili dini auawe, hadithi ipo Bukhari. Tusidanganyane.

Mama Mchele:

Fundi, ngoja kwanza. Nitakufikia. Naanza na mtoto.

Binti yangu, ningelia. Sitakuficha. Naamini kwamba umeacha jambo kubwa kuliko dunia na vilivyomo, na ningekuombea urudi kila sijda mpaka nife. Ukiniuliza kama ningefurahi ningekudanganya nikisema ndiyo. Lakini jina lako ningeliita. Simu ningekupigia sebuleni watu wakisikia. Siku ya Idi sahani yako ingekuwepo.

Na hili silitoi kwenye huruma ya mama tu. Asma binti Abubakar alijiwa na mama yake ambaye alikuwa mshirikina, akamwuliza Mtume kama amuunge, akaambiwa ndiyo, muunge mama yako. Mtoto aliyeshikiliwa na wazazi amshirikishe Mwenyezi Mungu ameambiwa asiwatii katika hilo, lakini akae nao duniani kwa wema (31:15). Ibrahim alifukuzwa na baba yake kwa vitisho vya kupigwa mawe, akamwambia amani iwe juu yako, nitakuombea msamaha kwa Mola wangu (19:47). Ukiziweka hizi pamoja, hakuna inayokata undugu kwa sababu ya imani. Abu Talib alimlea Mtume, akamlinda, akafa bila kutamka shahada. Mtume alikuwa pembeni ya kitanda chake anamsihi mpaka mwisho, na Mwenyezi Mungu akasema, wewe humwongoi umpendaye (28:56). "Umpendaye." Mapenzi yale hayakukataliwa.

Kwa baba yako simpi fundisho, simjui na maumivu yake siyajui. Kama kuna mjomba au shangazi anayesikilizwa, mpeni aya hizi amfikishie kwa utaratibu, kwa heshima, asipigwe nazo. Wazee wa Kihehe hawasemeshwi kwa mabavu, wewe unajua kuliko mimi.

Sasa Fundi. Hadithi unayoitaja ipo, na mafakihi wa madhehebu manne walihukumu kwa hiyo. Silifuti hilo, maana nimeshasema hapa juu kwamba kukana hakutusaidii. Lakini ulichoambiwa kama ni neno moja lisilo na maelezo, wanazuoni wenyewe walilijadili. Mahanafi, moja ya madhehebu hayo manne, walisema mwanamke hauawi. Wote walilifanya jambo la mahakama ya dola, hakuna aliyemkabidhi baba, kaka, wala fundi wa Mafiati. Karne iliyopita Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Misri, kuanzia 1958 mpaka alipofariki 1963, alieleza kwamba ukafiri wenyewe hauhalalishi damu ya mtu, na kinachohalalisha ni kupigana na Waislamu na kuwafanyia uadui. Katika Madina ile, kuacha dini kulikuwa kuhamia kambi ya wanaokushambulia. Na rudi Hudaybiyya: sharti mojawapo lilikuwa kwamba anayewaacha Waislamu akaenda kwa Makuraishi hatarudishwa. Mtume alikubali.

Nchi tunayoishi nayo ina neno lake. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini yake. Uhuru wa namna hiyo ndio uliomruhusu babu yangu kuingia Uislamu katikati ya ukoo wa Wamoravian na asiguswe. Siwezi kuutaka kwa babu nikamnyima binti huyu.

Fundi Mafiati:

Ya Shaltut sikuyajua. Bado nina maswali, lakini neno nililomwambia dada hapo juu nimeliondoa moyoni. Dada Kalenga, tusameheane.

Binti Kalenga:

Tumesameheana kaka. Mama, nimemtumia shangazi. Yeye ni Mwislamu wa swala tano na baba humsikiliza. Amesema ataenda Ijumaa baada ya swala.

Stendi Makambako:

Shikamoo mama. Mimi ni kijana, niko stendi nauza vocha na soda. Abiria wananiuliza mambo ya dini kwa sababu ya kofia, nabaki natabasamu tu. Madrasa niliacha darasa la nne. Nianzie wapi? Sheikh wetu anakuja Ijumaa tu.

Mama Mchele:

Marahaba mwanangu. Tabasamu ni jibu zuri ukiwa huna lingine, na ongeza neno "sijui, nitauliza." Imam Malik alikuwa mwanachuoni wa Madina nzima, na amepokewa akijibu "sijui" kwa maswali mengi kuliko aliyoyajibu pale alipoulizwa mengi kwa pamoja.

Anza na Juzuu Amma, ile ya mwisho yenye sura fupi. Usianze na sura ndefu zenye hukumu, utachoka. Chukua tafsiri ya Sheikh Farsy, ina maelezo chini ya aya, au ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani iliyotoka 1995, Kiswahili chake ni chepesi kwa kijana. Hata simu yako inaweza kuipata bure. Sura moja kwa wiki: isome Kiarabu unachojua, isome Kiswahili, halafu andika kwenye daftari maswali yanayokuja kichwani mwako, na ya abiria pia. Andika yote, hata yanayokutia hofu. Ijumaa sheikh akimaliza usimkimbilie mlangoni watu wakiwa wengi. Mpe salamu, mwombe dakika chache pembeni, mpe maswali mawili tu. Asipoyaweza atayapeleka kwa wenzake, na wewe utapata darsa iliyoanza kwa ajili yako.

Kisha ukifika Suratu Abasa simama hapo kwa muda. Kipofu alikuja kwa Mtume kutaka kujifunza, Mtume akakunja uso kwa sababu alikuwa na wakubwa wa Kikuraishi, na Mwenyezi Mungu akamkosoa, na ukosoaji huo tunausoma ndani ya swala mpaka leo. Abiria akikuuliza kama Waislamu wanaweza kuvumilia kukosolewa, mweleze habari ya sura hiyo. Yule mwenye ndoo ya maembe atakayeshuka Igawa kabla hujamaliza, mpe namba yako.